Korede Hapendeki, na Bado Utamaliza Kitabu Chake

Kuna vitabu vya kusomea nyumbani na chai ya jioni, na kuna vya kusomea ndani ya mathree ya 46 kutoka tao hadi Kawangware, jam ikiwa imekaza Valley Road. My Sister, the Serial Killer, riwaya ya Mnaijeria Oyinkan Braithwaite iliyotoka 2018, ni ya kundi hili la pili. Sura zake ni fupi sana. Ukifika Yaya ushamaliza tatu, na jirani yako wa kiti anajiuliza unacheka nini.

Stori ni hivi. Korede ni nesi jijini Lagos. Mdogo wake, Ayoola, ni mrembo balaa, lakini ana tabia moja: anaua maboyfriend kwa kisu alichoachiwa na babake. Femi ni wa tatu. Ayoola anampigia dadake simu, naye Korede anakuja kusugua bafu la marehemu kama mtu anayengoja wageni wa Krismasi. Baadaye Ayoola anataka kuposti mtandaoni, ikabidi akumbushwe kuwa boyfriend "amepotea", angalau ajifanye ana huzuni.

Utadhani Ayoola ndiye wa kuchukiwa. Wapi! Anayesimulia ni Korede, na Korede ana wivu, ana baridi, anawadharau wenzake kazini. Anammezea mate daktari Tade, halafu Tade anamwona Ayoola mara moja tu na kuomba namba. Siri zake anamwambia mgonjwa aliye kwenye koma, kwa sababu huyo hawezi kujibu. Humpendi, lakini unajikuta unaomba asishikwe.

Sisi tulizoeshwa kingine. Rosa katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) na Maimuna katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) wanalelewa na baba wakali, wanaponyoka, kisha wanalipa vibaya. Braithwaite naye anaweka baba katili nyumbani, ila haombi uwahurumie mabinti wake.

Kuna mabeshte wangu wa kike waliokataa kukifungua, na nawaelewa. Januari 27, 2024, wanawake waliandamana hapa Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Mzaha wa mauaji ya wapenzi unaanzia wapi hapo?

Mimi naona unaanzia hapohapo. Msichana akiuawa hapa kwetu, swali la kwanza mtandaoni ni: alienda kufanya nini kwa nyumba ya mwanamume? Anayeulizwa ni maiti. Kwenye riwaya wanaokufa ni wanaume, na Ayoola anaaminiwa kwa sababu ya sura yake. Ukicheka, unacheka jinsi tunavyochagua wa kumwamini.

Halafu kuna Jik ya Korede. Muuaji mara nyingi ana mtu wake aliyejua akanyamaza: mama, kaka, beshte wa mtaani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini familia nyingi bado zinaficha, eti damu ni nzito. Korede anampenda mdogo wake kweli, na kila akimfunika, mwanaume mwingine anakaa foleni bila kujua.

Kitabu hiki kiliingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker mwaka 2019. Kiulizie kwenye maduka ya vitabu tao au Westlands. Ukitaka mhusika wa kupenda, tafuta kingine. Huyu Korede utamchukia, kisha utakumbuka mtu fulani wa kwenu.