Mwanafunzi rahisi, mhitimu ghali

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianza kuwagawia baadhi ya wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii, yaani vyuo vya miaka miwili, kadi za kupandia treni na mabasi ya jiji. Kadi ilitolewa mwezi kwa mwezi, na ili kupata ya mwezi unaofuata ilibidi kwanza uonane na mshauri wako wa masomo. Usipokwenda, nauli ni juu yako. Kadi hizo zilikuwa sehemu ya mpango uitwao ASAP, ambao pia uliziba karo iliyobaki baada ya ruzuku, ukasaidia vitabu, na ukamtaka mwanafunzi asome muda wote badala ya kudonoadonoa somo moja kila muhula. Kiini chake, hata hivyo, kilikuwa huyo mshauri. Nje ya mpango, mshauri mmoja alibeba wanafunzi 600 hadi 1,500. Ndani ya ASAP alipewa 60 hadi 80.

Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwachukua wanafunzi 896 wa kipato cha chini, ikawagawa kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walio ndani walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya walio nje. Katika utafiti wa jamii za maskini ni nadra kuona pengo la ukubwa huo, na Ohio ilipouiga mpango huo katika vyuo vitatu, ilipata matokeo yanayofanana: asilimia 35 dhidi ya 19.

Sasa tufungue daftari la hesabu. Kwa kila mwanafunzi, ASAP ilitumia zaidi ya asilimia 60 juu ya matumizi ya kawaida kwa miaka hiyo mitatu. Mkurugenzi wa fedha anayesoma mstari huo peke yake angeufuta mpango kabla ya chai ya saa nne. Lakini ukigawanya fedha zote kwa idadi ya waliohitimu, kila mhitimu wa ASAP aligharimu pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko mhitimu wa njia ya kawaida. Yaani ule utaratibu unaoonekana nafuu ndio uliokuwa ukila fedha, kwa kuwa ulilipia mihula ya watu wengi walioondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo ugonjwa wa sekta nzima ulipo. Marekani ina vyuo vya jamii zaidi ya 1,000. Kilichotangulia miongoni mwa vile vya umma, Joliet cha Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901. Kazi ya vyuo hivi ni kumpokea kila anayebisha hodi: kijana aliyemaliza sekondari juzi, mama wa watoto wawili, fundi wa kuchomelea anayetaka cheti, mhamiaji anayejifunza Kiingereza. Karo ni wastani wa dola 4,000 hivi kwa mwaka, sehemu ndogo tu ya zile za vyuo vikuu vingi. Lakini katika wanaoanza masomo ya muda wote kwa mara ya kwanza, ni takriban watatu kati ya kumi wanaohitimu katika chuo hichohicho ndani ya miaka mitatu. Wengi husema wanataka kuendelea hadi shahada ya kwanza ya chuo kikuu; wanaoipata ndani ya miaka sita ni kama asilimia 16.

Kwa miongo mingi majimbo yalivilipa vyuo hivi kwa idadi ya waliojiandikisha. Chuo kilihesabu vichwa mwanzoni mwa muhula, kikatuma madai, kikalipwa. Mwanafunzi akitoweka wiki ya nane, hasara ilikuwa yake na ya mlipa kodi. Tena biashara hii huenda kinyume na uchumi: ajira zikikauka, watu hufurika vyuoni, wakati huohuo mapato ya kodi ya jimbo yanaporomoka. Ndiyo maana baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 vyuo vilijaa pomoni huku bajeti zikikatwa, na washauri nao wakaguswa.

Mtu atauliza: si serikali ya shirikisho inawapa wanafunzi maskini ruzuku ya Pell? Inatoa, na kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka, fedha inayozidi karo ya kawaida ya chuo cha jamii. Kwa hiyo mwanafunzi fukara kabisa mara nyingi hadaiwi karo hata senti, na bado anaacha masomo. Anaangushwa na kodi ya nyumba, gari lililokufa betri, na mtoto asiye na wa kumwangalia. Chuo cha Amarillo, kaskazini mwa Texas, kiliwauliza wanafunzi wake kinachowakwamisha, na majibu yao hayakuanza na hisabati. Chini ya rais wake wa wakati huo, Russell Lowery-Hart, chuo kikafungua kituo chenye ghala la chakula, nguo, na fedha za dharura zinazotolewa haraka. Mwaka 2023 kilishinda Tuzo ya Aspen, ambayo ndiyo heshima kubwa ya vyuo vya aina hii, pamoja na Chuo cha Imperial Valley cha California.

Hisabati nayo ina kesi yake. Kwa miaka mingi mtihani wa kuingilia uliwatupa wanafunzi katika kozi za maandalizi, wakati mwingine ngazi mbili tatu mfululizo. Walizilipia, zikala ruzuku yao, na hazikuhesabiwa kwenye cheti. Mwaka 2015 vyuo vya jamii vya Tennessee viliachana na mtindo huo: mwanafunzi anaingia moja kwa moja katika hisabati ya chuo, na msaada wa ziada unakwenda sambamba na somo. Waliofaulu hisabati hiyo ndani ya mwaka mmoja walipanda kutoka asilimia 12 hadi zaidi ya 50. Haikuhitaji jengo jipya wala mkopo. Mtu anajiuliza ni vizazi vingapi vya wanafunzi viliozea katika kozi zile.

Tennessee hiyohiyo ndiyo iliyojipatia jina kwa Tennessee Promise, mpango unaofuta karo, ulioanza kwa wahitimu wa sekondari wa 2015 na kulipiwa na akiba ya bahati nasibu ya jimbo. Tahadhari kidogo. Mpango huo hulipa kinachobaki baada ya Pell, na kwa maskini kabisa mara nyingi hakibaki kitu. Fedha nyingi humfikia mwenye kipato cha kati. Kilichowavuta maskini ni neno “bure” na mlezi wa kujitolea aliyewasaidia kujaza fomu, na hilo si jambo dogo, lakini nauli na kodi ya nyumba vilibaki palepale.

Majimbo mengine yamegeukia fomula ya malipo yenyewe. Texas ilipitisha sheria ya House Bill 8 mwaka 2023, ikaongeza dola milioni 683 kwa vyuo vyake na kufunga sehemu kubwa ya fedha za jimbo kwenye matokeo: vyeti vyenye thamani sokoni na wanafunzi waliohamia chuo kikuu wakiwa na angalau krediti 15. Mhitimu maskini, mwenye maandalizi duni au aliyetimiza miaka 25 na zaidi analipiwa zaidi, ili chuo kisishawishike kuwakwepa. Nyongeza hiyo ndiyo moyo wa sheria. Majimbo yaliyotangulia kulipa kwa matokeo yalijikuta yakinunua vyeti vifupi vingi huku shahada za miaka miwili zikiongezeka kidogo au zisiongezeke. Ukilipa kwa idadi ya vyeti, utaletewa vyeti.

Serikali ya shirikisho mjini Washington imekuwa ikiahidi na kurudi nyuma. Julai 2009 Barack Obama alikwenda Chuo cha Macomb, Michigan, akatangaza mpango wa dola bilioni 12; Bunge likatoa bilioni 2 za mafunzo ya kazi. Joe Biden, ambaye mkewe Jill alifundisha katika chuo cha jamii Virginia hata akiwa Ikulu, alitaka miaka miwili bila karo nchi nzima. Oktoba 2021 pendekezo hilo likaondolewa mezani.

Kwa Waafrika Mashariki jambo hili ni la nyumbani kuliko linavyosikika. Mkenya au Mkongo mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba Pell. Kijana aliyetoka Eldoret au Arusha kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi, na karo yake huwa mara mbili au zaidi ya ile ya mkazi. Wengi wetu huko hutunza wazee usiku, mchana wanafukuzia uuguzi, na uuguzi ndio mlango mwembamba kuliko yote: wakufunzi wachache, nafasi za mazoezi hospitalini chache, na kozi inayogharimu chuo zaidi ya karo inayoingiza. Kabla ya kutuma ada, mzazi aulize mambo mawili: wangapi huhitimu, na mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi. La kwanza linapatikana bure katika tovuti ya serikali ya College Scorecard. La pili atalazimika kupiga simu.

Mtihani unaofuata tayari una tarehe. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inaruhusu Pell kulipia kozi fupi za wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 1, 2026, kwa sharti kwamba asilimia 70 ya wanafunzi wamalize na asilimia 70 wapate kazi. Kwa kozi ya udereva wa malori hilo linawezekana. Swali gumu ni chuo kinachomalizisha watatu kati ya kumi katika programu zake ndefu kitaelekeza wapi washauri wake wachache, ikiwa fedha mpya ziko kwenye wiki nane.