Mtoto Mteuzi Mbele ya Sinia

Katika malalamiko yaletwayo na akina mama kwenye vyumba vya kupimia watoto uzito, hapana linalosemwa kwa uchungu zaidi, wala hapana linalokanushwa na mizani upesi zaidi, kuliko lile la kuwa "mwanangu hali kitu". Mtoto mwenyewe aghalabu ana umri wa baina ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Anakimbia, anapanda viti, anavuta mkoba wa mama yake, na mstari wa uzito katika kadi yake unapanda taratibu kama ipasavyo. Lakini nyumbani akiandaliwa mchicha hugeuza uso, akipewa samaki hutema, na mbaazi za nazi, ambazo mwaka jana alizila mpaka akalamba vidole, leo huzitazama kana kwamba zimetiwa sumu. Anachokubali ni wali mweupe, chai ya maziwa na kipande cha mkate. Mama ameona haya mbele ya mama mkwe, baba ameshauri kiboko, na jirani ameleta dawa ya kutia hamu.

Jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni kwamba hamu ya chakula hupungua katika umri huo kwa amri ya maumbile, si kwa husuda ya jirani wala kwa utundu wa mtoto. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hutazamiwa kufikia kilo 9 hivi atimizapo mwaka, yaani mara tatu ya uzito aliokuja nao duniani. Bali katika mwaka wa pili wote huongeza kilo 2 na nusu tu, au karibu yake. Mwili usiojenga kwa haraka hauombi matofali mengi, na kwa hiyo mtoto hula vizuri asubuhi, adhuhuri akagusa tu, na usiku akalala zake bila kujua kwamba wazee wake wamekesha kwa wasiwasi. Kipimo cha kijiko kimoja cha mezani cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri, ambacho wataalamu wa lishe hukitumia kuwa kianzio, huwashangaza wazazi wengi, maana sahani waliyozoea kumpakulia mtoto wa miaka miwili ingemtosha kaka yake wa miaka saba.

Juu ya hayo kuna khofu. Yule aliyekuwa akibebwa mgongoni na kutiwa kinywani alichochagua mama, sasa ana miguu yake mwenyewe, na miguu humfikisha penye majani, matunda ya mwituni na wadudu ambao si wote wa kuliwa. Basi si ajabu kwamba katika umri uo huo mtoto huwa na hadhari na kila kigeni, hasa kilicho cha kijani na chenye uchungu, kwani uchungu ndiyo alama ya sumu nyingi za mimea, na ulimi wa mtoto huusikia kwa ukali kuliko wetu. Mchunga, ambao baba huusifu ukitiwa nazi na ndimu, kwake ni adhabu. Hadhari hii huanza kuonekana baada ya mwaka wa kwanza, hupamba moto baina ya miaka miwili na sita, kisha hulegea yenyewe. Na wahenga waliosema kwamba mteuzi haishi tamaa walimkusudia mtu mzima anayezunguka soko zima akakosa la kununua, si kitoto kinachojifunza dunia kwa ulimi.

Sasa tutazame afanyavyo mlezi. Katika nyumba zetu, bara na pwani, ungali unaonekana mtindo wa kumlaza mtoto mapajani, kumbana mikono, pengine na pua, na kummiminia uji ili afunuapo kinywa kuvuta pumzi ameze, apende asipende. Hili nitalisema bila kuzungusha maneno: uji unaoingia kinywani wakati mtoto analia na kutweta huweza kuteremka mapafuni, na madhara yake ni homa ya mapafu au kifo. Shuruti ya upole nayo haina faida idhaniwayo. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake, nchini Marekani, walitoa taarifa ya watoto wa shule ya awali waliopewa supu za aina mbili, moja wakihimizwa waimalize, nyingine wakiachwa bila neno. Ile waliyohimizwa waliinywa kidogo zaidi na kuisema vibaya zaidi. Zawadi je? Leann Birch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa watoto tunzo kwa kunywa kefiri, ambayo ni maziwa ya kuchachusha, na mwaka 1984 wakaeleza kwamba waliotunzwa walikuja kukipenda kinywaji kile kidogo kuliko awali. Mtoto ana hesabu yake: kitu kizuri hakilipiwi mshahara. Anayeambiwa "maliza mchicha nikupe kashata" hufundishwa mambo mawili kwa mkupuo mmoja, kwamba mchicha ni mzigo na kashata ni ujira.

Dawa ya ugeni ni mazoea, na mazoea hayana njia ya mkato. Birch huyo huyo, pamoja na Diane Marlin, aliwaonjesha watoto wa miaka miwili jibini na matunda wasiyoyajua, mengine mara mbili tu, mengine mpaka mara 20, na mwaka 1982 wakaonyesha kwamba kupenda kulizidi kwa kadiri ya idadi ya kuonja. Tangu wakati huo wataalamu hutaja mara nane hadi kumi na tano kuwa ni makadirio ya kawaida kabla chakula kigeni hakijakubaliwa, ilhali mama wengi hukata tamaa katika mara ya tatu au ya nne na kutoa hukumu kwamba "huyu hapendi bamia". Nao muonjo uhesabiwao si wa kijiko kilichojaa; hata kugusa kwa ncha ya ulimi kisha kutema ni muonjo. Mushkili basi ni huu: mlezi atamfikishaje mtoto mwenye khofu karibu na bamia mara kumi na tano bila ya kumshurutisha hata mara moja?

Hapa ndipo mchezo unapopata kazi yake, na hapa ndipo unapokosewa. Wengi wetu tukisikia mchezo wa chakula hukumbuka kijiko kilichogeuzwa dau: dau linakuja, linakata mawimbi, fungua lango la bandari, na lango likifunguka tu uji umekwisha ingizwa. Naungama kwamba silipendi dau hilo, hata likiendeshwa na nyanya mwenye mapenzi yasiyo na shaka. Ni shuruti iliyovaa kanzu ya sikukuu. Mtoto akiisha tambua kwamba kila kicheko mwisho wake ni kijiko, atakikhofu na kicheko. Mchezo ulio mchezo hauna deni mwishoni. Mtoto akishacheza na chakula, akakishika, akakinusa, akakivunja, akaenda zake bila kukila, mchezo umetimia na mlezi amepata alichokitaka, yaani siku moja ya mazoea. Huko Leicester, Uingereza, Helen Coulthard na mwenzake walieleza mwaka 2017 kwamba watoto wa miaka mitatu na minne waliocheza kwa mikono na matunda na mboga halisi walionja aina nyingi zaidi kuliko wenzao waliochezea vitu visivyo chakula. Vidole vilitangulia, ulimi ukafuata.

Nasi hatuna haja ya kuagiza michezo kutoka ng'ambo, madhali jiko letu limejaa kazi ambazo mtoto huziona kuwa ni fahari. Mpe fungu la mchicha achambue. Atachana majani, atakula moja kwa siri, na mengine yataanguka chini, hasara ndogo kabisa. Mbaazi mbichi zikiletwa na maganda yake, mtoto wa miaka miwili na nusu aweza kuketi robo saa akizimenya na kuzihesabu kwa hesabu yake ya moja, mbili, tano. Bamia ikikatwa kati hutoa umbo la nyota, na nyota hiyo ikichovywa katika manjano iliyokorogwa kwa maji hupiga muhuri mzuri juu ya karatasi au juu ya jani la mgomba; aliyepiga mihuri ya bamia Jumatatu na Jumatano hashangai sana kuikuta katika mchuzi Ijumaa. Mbuzi ya nazi ina meno makali, haimhusu, lakini machicha yenye maji ya vuguvugu ndani ya kifumbu aweza kuyakamua kwa mikono miwili, na tui linalochuruzika humfurahisha kuliko mwanasesere. Watoto wakubwa wakicheza kupika uani kwa vifuu na mchanga, mdogo huwa pale pale; basi siku moja moja mchanga na ubadilishwe kwa viazi vitamu vilivyopondwa, na wageni wa karamu ile wawe ni watoto wenyewe.

Kawa nalo lina mchezo wake, nao naupenda kuliko yote. Chakula kikisha kutengwa, kabla hakijafunuliwa, mtoto huitwa asogeze pua kwenye ukingo wa kawa na kuulizwa kuna nini leo, samaki au kisamvu, na watu wazima hukisia pamoja naye na kukosea kwa makusudi. Au mama hutega kitendawili alichokitunga mwenyewe papo hapo: ana kilemba cha kijani, ana kanzu ya zambarau, ndani ni mweupe, ni nani huyo? Mtoto akijibu "biringani!" jina limekwisha kaa kinywani, ijapokuwa tunda lenyewe bado. Matonge nayo hutengenezeka: ugali wa mtoto hufinyangwa kuwa vifaranga vidogo vilivyopangwa kuizunguka sahani, kila kimoja na tone la mchuzi pembeni ambalo aweza kuchovya au kuliacha. Kuliacha kusisemwe neno.

Iwapo mchezo ni wa mtoto, ratiba ni ya mkubwa. Mtoto anayekunywa chai ya maziwa saa kumi, akala mandazi mawili kwa shangazi, kisha akapewa maji ya sukari kwa jirani, hawezi kukaa mbele ya samaki akiwa na njaa, na mchezo wowote hautamtia njaa asiyokuwa nayo. Chai, isitoshe, huzuia madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka yasifyonzwe vema, na maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku hujaza tumbo na kuacha damu pungufu. Ama juu ya hiari ya mtoto kujichagulia chakula, Clara Davis, daktari wa Marekani, aliyeanza kutangaza uchunguzi wake mwaka 1928 na kuufunga mwaka 1939, aliwaacha watoto 15 waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie katika orodha ya vyakula 34, wauguzi wakiamriwa wakae kimya na kijiko mkononi mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe anachotaka. Walikula kwa namna za kuchekesha, maini na maji ya machungwa asubuhi, mayai kadha na ndizi na maziwa usiku, na wakakua na siha njema. Wamtajao ili kudai kwamba mtoto aachiwe atakalo husahau kuwa orodha ile haikuwa na sukari wala unga mweupe, na Davis mwenyewe alisema kwamba hila yote ilikuwa katika orodha. Kadhalika nyumbani: mzazi aamue kitakachopikwa, saa ya kula na mahali pa kula, mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani. Na katika sinia mojawapo ya vitu alivyokwisha vizoea kisikose, asije akaona kwamba ametegewa. Faida kubwa ya sinia, ambayo sahani ya peke yake kwenye kiti cha peke yake haina, ni kwamba mtoto huona mikono ya baba, mama na ndugu ikiingia katika kisamvu kile kile na kutoka salama.

Iko sababu nyingine ya kuutaka mchezo uishie mikononi. Mtoto anayecheka au kukimbia na chakula kinywani hukabwa kwa wepesi, hivyo vitu vikishaanza kutafunwa aketi kitako, na karanga nzima, zabibu nzima, vipande vigumu vya karoti mbichi na samaki asiyeondolewa miiba viwekwe mbali naye kabisa mpaka akue.

Walakini wako watoto ambao uteuzi wao hautokani na umri, na kwao michezo hii haitoshi. Anayepungua uzito au ambaye mstari wa kadi yake umelala kwa miezi. Anayepaliwa au kutapika kila alapo. Anayekataa kila kitu cha kutafuna na kukubali vimiminika tu. Anayezidi kupunguza vyakula hata akabaki na viwili au vitatu. Mwenye weupe wa viganja na uchovu, au anayekula udongo, wote hao wapelekwe kituo cha afya bila ya kungojea. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5 ni hatari, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali wa kutibiwa siku hiyo hiyo. Mama ambaye mtoto wake hana dalili kubwa ya kumharakisha atafanya vyema kuandika kwa siku tatu kila kilichoingia kinywani mwa mtoto, biskuti za kwa bibi zikiwamo, na kuichukua karatasi hiyo pamoja na kadi, kwani pasipo orodha mpimaji huishia kukisia.