Ngoma ya Kiungwana, Ngoma ya Kishenzi: Juu ya Kubeza Muziki Kusini mwa Maniema

Jina la Kingwana limebeba kinyume chake. Kiswahili hiki cha mashariki ya Kongo kilipewa jina la uungwana, yaani hali ya mtu huru, mwenye adabu na mwenye mji. Lakini wengi wa walioandika juu yake wakati wa ukoloni walikiona kuwa ni lugha iliyovunjika, isiyofaa darasani wala kitabuni. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power (1986), ameonyesha kwa urefu jinsi hukumu za namna hiyo zilivyofuata mahitaji ya utawala kuliko sarufi ya lugha yenyewe. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo hilo upande wa muziki, na kwa mfano wa miji miwili ambayo Kingwana kilikulia, Kasongo na Kabambare. Nitajaribu kueleza kwamba mtu abezaye aina nzima ya muziki, kwa kawaida hatoi hukumu ya sikio. Anatoa hukumu juu ya watu. Watu hao wakipandishwa au kuteremshwa daraja, muziki wao hupanda na kushuka pamoja nao, hata kama pigo la ngoma halikubadilika.

Ni vema kwanza kutenga mambo mawili. Kutopenda wimbo fulani si kubeza. Msikilizaji anaweza kusema kwamba mwimbaji huyu hana sauti, au kwamba maneno haya ni mepesi, na akatoa sababu ambazo mwingine aweza kuzipima. Kubeza huanza pale ambapo wimbo hauhitaji tena kusikilizwa ili kuhukumiwa: jina la aina yake linatosha. Kiswahili kina zana iliyo tayari kwa kazi hiyo, nayo ni kiambishi ki-. Tukisema "ngoma ya kishenzi" hatujasema lolote juu ya mdundo, wala mwendo wa mguu, wala maneno ya wimbo. Tumemtaja mchezaji tu. Na kwa kuwa neno ngoma lenyewe hukusanya chombo, mchezo, wimbo na mkusanyiko wa watu, tusi moja huyafagia yote manne.

Sasa tuingie Maniema. Kuanzia miaka ya 1860 misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani ilivuka Ziwa Tanganyika ikafika nchi hii, na Kabambare ikawa kituo kikubwa katika njia iendayo mto Lualaba. Kasongo ukawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, tangu kati ya miaka ya 1870. Hawa hawakuja peke yao. Walikuja na wapagazi, askari, masuria na mafundi kutoka Unyamwezi, Mrima na Unguja, kisha wakawakusanya vijana wa nchi yenyewe: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengineo, baadhi kwa hiari, wengi kwa nguvu. Kijana aliyechukuliwa mateka akakulia katika boma la Mwarabu, akasilimu, akavaa kanzu na kusema Kiswahili, aliitwa mwungwana. Pwani, neno hilo lilimwelekea mtu aliyezaliwa huru katika ukoo wa mji. Maniema lilikwisha kugeuka: lilimwelekea mtu aliyejiunga na mji, hata kama aliingia kwa kamba shingoni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwungwana wa Kasongo aliweza kuwatazama jamaa zake waliobaki msituni akaziita ngoma zao za kishenzi. Mtu huyo huyo akisafiri na msafara hadi Ujiji, Tabora, na mwisho Unguja, aligundua kwamba huko yeye ni Mmanyema, na kwamba kwa wenye mji wa pwani Mmanyema ni mshenzi, kanzu au pasipo kanzu. Sikio la msikilizaji halikuwa kazini hata kidogo katika safari hiyo. Ngoma aliyoipiga Kasongo kwa fahari na ngoma aliyoipiga Unguja kwa kificho yaweza kuwa moja. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama.

Historia ya taarab inathibitisha jambo hili kutoka upande wa pili. Sultani Barghash (1870–1888) alimtuma Muhammad bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, na muziki uliotokana na hatua hiyo ulikuwa wa jumba la kifalme, ukiimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa chama cha mabwana wa mjini. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akauza vyungu, na alipoanza kuimba mjini alisimangwa kwa asili yake. Akaimba kwa Kiswahili, akachukua na mapigo ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Leo hakuna idara ya Kiswahili iliyo na aibu ya kufundisha taarab. Tuache kujidanganya kwamba ni ubora wa nyimbo peke yake uliofungua mlango. Nyimbo zilikuwa bora tangu siku ya kwanza. Mlango ulifunguka kadiri wajukuu wa watumwa wa Ng'ambo walivyopata kuwa Wazanzibari kamili.

Huenda msomaji akauliza: je, hukumu za dini juu ya muziki nazo ni ubezaji? Swali hili lina uzito kusini mwa Maniema, ambako katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 tarika ya Qadiriyya ilienea kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, na zikri yake ya sauti na mwendo wa mwili ikawatia mashaka watawala wa Kibelgiji, na pia baadhi ya Waislamu wenzao. Jibu langu ni kwamba hukumu ya fikihi, ikifanywa sawasawa, si kubeza, kwa sababu hupekua: chombo gani, maneno gani, mahali gani, msikilizaji mwenye hali gani. Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 1111) alitumia kitabu kizima cha Ihya kuyapambanua hayo. Lakini yumo humo na jambo la kushangaza kwa ukweli wake. Anapofikia zumari na baadhi ya vyombo vya nyuzi, anaeleza kwamba havikukatazwa kwa sababu ya utamu wake, maana utamu si haramu, bali kwa kuwa vimekuwa alama ya walevi, na kujifananisha nao hakufai. Tunaweza kukubaliana naye au la. Walakini yeye anasema waziwazi kile ambacho mbezaji wa siku zote hukificha: kwamba chombo kinahukumiwa kwa watu wanaokaa nacho.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji wa Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwanzoni mwa mwaka 1894. Kwa watawala wapya Waungwana walikuwa fumbo lisilopendeza. Waliitwa "walioarabishwa": si Waarabu, wala si Waafrika wa asili kama wataalamu walivyowataka wawe. Lugha yao ilipata bahati ya kuandikiwa vitabu vya mafunzo, kwa mfano Manuel de Kingwana cha mmisionari John Whitehead (1928), kwa kuwa mtawala na padre walihitaji kusema na watu. Muziki wao haukuwa na faida ya namna hiyo. Mtafiti aliyetafuta sanaa "safi" hakuwa na sababu ya kusimama mjini Kasongo. Alipita akaenda kaskazini kwa Walega, ambako Daniel Biebuyck alikusanya methali zinazoimbwa za chama cha bwami, na kuzichapisha katika kazi nzito sana, Lega Culture (1973). Simlaumu Biebuyck, ambaye kitabu chake ni hazina. Nasema tu kwamba Armand Abel alipowaandikia Waislamu wa Maniema kitabu mwaka 1960, ni Uislamu wao uliokuwa swali. Kwamba watu hao walikuwa pia wakiimba, hilo halikuwa swali la mtu.

Jambo kama hilo liliipata beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaiga bendi za kijeshi, vyeo na sare za Wazungu, ikaenda na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara, na ikaingia Kongo ya Wabelgiji. Tusisahau kwamba askari wa Kongo waliiteka Tabora Septemba 1916. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alikuta kwamba beni ilibezwa na karibu kila mtu mwenye kalamu. Kwa mmisionari ilikuwa upagani wenye suruali, kwa ofisa ikawa kiburi au njama, na kwa mpenda mila ikawa kuiga kwa mtumwa. Nao wachezaji wenyewe hawakuwa malaika: Marini walijiona watu wa hadhi na kuwadharau Arinoti kuwa ni wapagazi na watu wa kuja. Ndani ya ngoma iliyobezwa, palipatikana nafasi ya kubezana.

Baada ya uhuru mizani ikageuka tena, na safari hii kwa namna ya kuchekesha kidogo. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, akawalaumu wasomi waliojua kucheza rumba, chachacha na twisti lakini hawakuwahi kucheza wala kusikia gombe sugu, mangala au lelemama. Lawama yake ilikuwa ya haki: alikuwa akitetea ngoma zilizobezwa shuleni kwa miaka mingi. Ila katika kuzitetea aliiweka rumba upande wa ugeni, wakati ng'ambo ya Ziwa Tanganyika rumba ilikuwa sauti ya mji wa Kiafrika, na tangu mwaka 1971 siasa ya Mobutu ya uhalisi wa Kizaire ikaikumbatia kuwa utamaduni wa taifa. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Muziki mmoja, ziwa moja katikati, na hukumu mbili. Hata hivyo heshima hiyo nayo ina mipaka yake, kwani historia ya rumba husimuliwa kutoka Kinshasa na Brazzaville, kwa Kilingala, na waimbaji wa Kiswahili wa mashariki huwekwa ukingoni.

Tusidhani kwamba chuo kikuu kimepona. Mwaka 1996 Bethany Bryson alichapisha uchunguzi uliofanywa kwa takwimu za Marekani za mwaka 1993, zilizouliza watu juu ya aina 18 za muziki. Aliona kwamba waliosoma zaidi hukataa aina chache kuliko wasiosoma. Hiyo ni habari njema. Lakini aina zile chache wanazozikataa, mara nyingi ni zile zinazopendwa na watu wenye elimu ndogo kabisa. Mtu wa chuo hujisifu kwamba anasikiliza kila kitu, na katika "kila kitu" hicho kuna shimo lenye umbo la jirani yake. Kwetu shimo hilo limewahi kuitwa mchiriku, kisha bongo fleva, na juzi juzi singeli. Mada za tasnifu huja baadaye, wakati waimbaji wa kwanza wamekwisha kuzeeka.

Na kuzeeka, kusini mwa Maniema, si neno la heshima tu. Vita vya 1996 hadi 2003, na makundi ya silaha yaliyoendelea baada ya hapo katika Kabambare, yaliwatawanya watu wa vijiji na wa miji pia. Waliorithi nyimbo za mijini za Waungwana ni watu wachache, na hakuna wanafunzi wa Kiswahili walio na sababu bora zaidi ya kuwatafuta kuliko sisi. Anayekwenda asianze kwa kuuliza "muziki wa asili" wa mahali, kwa kuwa swali hilo litawanyamazisha hasa wale anaowatafuta: mwimbaji wa kasida, mpiga gitaa wa harusini, bibi aliyecheza ngoma ya mji. Aulize ni ngoma zipi zilizokatazwa, na nani, na wachezaji waliitwaje. Majina ya matusi ni kumbukumbu nzuri. Mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki.

Mmoja wa wana wa Maniema alitoroka usahaulifu huo kwa kuhama. Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu Remmy Ongala, alizaliwa Kindu mwaka 1947, akafika Tanzania mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy kisha Super Matimila. Aliimba dansi kwa Kiswahili, juu ya umaskini, kifo na ubaguzi, na Watanzania wakampa cheo cha Dokta ambacho hakuna chuo kilichompa. Wimbo wake juu ya kondomu, "Mambo kwa Soksi", Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Watu wakaununua kwa kaseti. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Dar es Salaam Desemba 2010, aliiacha dansi na kuimba nyimbo za Injili tu.