UZI: Nilisema reli imekula shamba la Hawe. Nilikosea.

1/ Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya ramani nikadai tuta la SGR limekaa juu ya shamba la Hawe, yaani bibi yangu, huko Mariakani, na kwamba hajalipwa hata shilingi. Mkaisambaza sana. Leo nimeifuta. Reli haijagusa shamba lake. Wacha niwaeleze nilikosea wapi, manake kosa hilohilo ndilo linavuruga mijadala mingi ya ardhi huku Pwani.

2/ Aibu yangu kwanza. Hawe ana karatasi ya zamani yenye namba za bikoni nne za shamba. Nikaziingiza kwenye simu, na zote zikatua juu ya tuta la reli. Shamba liko kusini mwa reli na Hawe anajua hivyo miaka yote, lakini mimi msomi nikaamini simu. Kufikia jioni alikuwa ashaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wawili, apate pesa ya wakili.

3/ Aliyetuokoa ni mjomba, anafanya kazi ya upimaji. Aliuliza swali moja tu: "Hizo namba ni za Arc 1960 ama za WGS84?" Nikabaki mdomo wazi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, hayo madude nilikuwa sijawahi kuyasikia.

4/ Hapo ndipo tunaingia kwenye jiodesia: elimu ya kupima umbo la dunia na kujua kila sehemu iko wapi hasa. Dunia si duara kamili. Kwa hivyo kabla ya kupima chochote, lazima watu wakubaliane watatumia umbo gani na wataanza kuhesabu kutoka wapi. Ramani za Kenya, Uganda na Tanzania kwa miaka mingi zimetumia makubaliano yanayoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84, mfumo wa setilaiti.

5/ Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwa mfumo mwingine, huku kwetu unapotea kama mita 300. Namba za Hawe zilikuwa za Arc 1960. Simu ikazisoma kama zake, shamba zima likahamia kaskazini, likapanda kwenye tuta. Karatasi ilikuwa sawa na simu ilikuwa sawa. Aliyechanganya ni mimi.

6/ Sasa fikiria kosa hilo kwenye reli inayovuka mpaka wa nchi. Reli ya kwanza ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, upana wake mita 1. SGR ina upana wa milimita 1,435. Ilifika Nairobi 2017, upande wa Naivasha 2019, na mpango wake ni kufika Malaba iingie Uganda. Treni haipindi kona kama matatu. Vikosi viwili vikianza pande mbili, kila kimoja na mfumo wake, havitakutana. Ndio maana kabla ya kutandika reli, wataalamu hupanda alama za vipimo kando ya njia yote, na kila mtu anapimia kutoka hapo.

7/ Mitego njiani ni mingi. Ramani hugawa dunia kwa kanda. Mombasa na Nairobi ziko kanda ya 37. Ukipita Naivasha ukavuka nyuzi 36 mashariki, uko kanda ya 36 na hesabu ya mashariki inaanza upya. Kabla ya Malaba unavuka ikweta, na hesabu ya kaskazini inaruka kutoka mita milioni 10 hadi sifuri. Halafu katikati ya kanda, ramani hupunguza kila kilomita kwa kama sentimita 40. Mjenzi akilisahau hilo kwa kilomita 10 tu, ashapoteza mita 4.

8/ Urefu kutoka usawa wa bahari nao una vituko. Setilaiti ikikupa urefu wake mbichi, ufuo wetu wa Malindi uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, na wewe umekaa mchangani unakula mahamri. Bahari haifuati umbo la hesabu la setilaiti, kwa hivyo lazima urefu huo urekebishwe kabla mtu hajajenga daraja.

9/ Na kuna jambo wengi wetu wa Malindi hatulijui. Pale Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, kuna kipokezi cha setilaiti ambacho wataalamu wa dunia nzima hutumia vipimo vyake. Kipokezi chenyewe kinahama karibu sentimita 3 kila mwaka, manake bara linatembea na sisi juu yake. Kwa hivyo kwa kazi ya kina, namba bila jina la mfumo na tarehe haijakamilika.

10/ Haya, siasa. Kwenye mijadala ya reli, barabara na fidia kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi. La kwanza: ardhi hii iko WAPI? Hilo ni la mpimaji. La pili: ni ya NANI? Hilo ni la sheria, rejista na historia.

11/ Swali la NANI huku kwetu lina mizizi mirefu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar ana ukanda wa maili 10 kutoka ufuoni. Ona, hata hiyo ilikuwa mstari wa kupimwa. Halafu 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kwenye ukanda huo, aliyepeleka dai likakubaliwa alipata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi za Mijikenda zilizokuwa zikilima hapo hazikusajiliwa. Wajukuu zao ndio leo wanaitwa maskwota. Mariakani iko nje ya ukanda huo na historia yake ya hati ni tofauti, kwa hivyo hata hotuba moja haitoshi kaunti nzima.

12/ Sasa tazama ujanja wa jukwaani. Mwananchi anauliza bikoni zake ziko wapi, anapewa hotuba ya dhuluma za kihistoria. Swali la WAPI limemezwa. Mwingine ameishi mahali miaka 40 anauliza haki yake, anajibiwa "vipimo vya kisasa vinaonyesha hii si yako". Swali la NANI limemezwa. Hakuna setilaiti inayojua jina la mwenye shamba.

13/ Katiba inasemaje? Kifungu cha 40(3): serikali ikichukua ardhi yako kwa manufaa ya umma, ikulipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Kifungu cha 40(4): wanaoishi hapo kwa nia njema bila hati wanaweza kuwekewa utaratibu wa kufidiwa. Soma tena neno "wanaweza". Si "lazima". Mgombea akikuahidi kwamba kila skwota atalipwa moja kwa moja, muulize ni kwa sheria gani.

14/ Kwa hivyo baraza lijalo, nenda na haya:
– Hizi namba ni za mfumo gani, zilipimwa lini?
– Bikoni zikipimwa, nani wa familia na wa jirani alikuwepo?
– Jina langu liko kwenye rejista gani?
– Kama sina hati, nani ameandika kwamba naishi hapa, na tangu lini?
Majibu uyachukue kwa maandishi.

15/ Kuna familia ambazo kweli zimeonewa, na posti kama yangu inawaharibia. Siku wakija na dai la haki watu watasema "ni walewale wa simu". Hilo ndilo linaniuma zaidi ya kuchekwa.

16/ Mjomba ametubadilishia namba kwa mfumo sahihi. Bikoni tatu tumezikuta zilipo, ya nne imefunikwa na kichuguu. Mbuzi hawajauzwa. Hawe amesema karatasi zake nisiziguse tena mpaka mjomba awepo. Kama ulisambaza ile posti ya kwanza, naomba usambaze na hii.