UZI: "Mikoko ya Funzi italeta pesa." Sawa, za nani?

1/ Ahadi hii utaisikia kila kampeni. Na si porojo: majirani zetu wa Gazi wana Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013. Wanalipwa kwa hewa ukaa inayonaswa na mikoko yao. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule.

2/ Ila mikoko ni msitu wa serikali, chini ya KFS. Mwanasiasa hana cha kuuza pale.

3/ Sheria ya 2023: lazima kuwe na mkataba na jamii, kaunti isimamie mazungumzo. Miradi ya ardhi, wenyeji wapate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

4/ Kwa hiyo akija, muulize: mkataba uko wapi, na kwa niaba yetu atasaini nani?