Damu ya njiti: kipi kigharimiwe kwanza

Damu ya njiti ikishuka, mzazi husikia mambo mawili: aongezewe damu, au achomwe sindano za erithropoietini, homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu. Sindano ndiyo inayovutia. Mimi nisingeikimbilia.

Tazama chupa yenyewe. Njiti wa kilo 1 huchomwa uniti 250 hivi, mara 3 kwa wiki, wiki kadhaa. Sindano zilizopo madukani nyingi ni za watu wazima wenye figo mbovu, za uniti 2,000 au 4,000. Unalipia zote, mtoto anapata matone, zilizobaki zinamwagwa. Na usikubali chupa ya kuchotwa mara nyingi eti ni nafuu: kuna zilizotiwa pombe ya benzili kuzuia vijidudu, na kwa njiti hiyo ni sumu. Mwombe mfamasia akusomee lebo neno kwa neno.

Unachokipata ni kupunguziwa mara za kuongezewa damu, si kuepushwa nazo kabisa, kwani dawa huchukua siku kadhaa kufanya kazi na njiti huhitaji damu zaidi wiki za mwanzo. Wapo waliotarajia ingekinga ubongo pia; utafiti wa PENUT wa Marekani, uliohusisha watoto 941 waliozaliwa kabla ya wiki 28, ulionyesha mwaka 2020 kwamba haikusaidia.

Kisha kuna hemanjioma, ile alama nyekundu inayotokeza wiki za kwanza na kukua haraka kwa miezi 5 hivi kabla ya kunywea taratibu kwa miaka. Njiti huzipata sana hata bila dawa. Baadhi ya watafiti wameziona zaidi kwa waliochomwa homoni hii, ambayo huamsha pia seli za mishipa ya damu. Nyingi hazihitaji kitu. Iliyo karibu na jicho, inayobana pumzi au iliyochimbika kidonda hutibiwa kwa propranololi, tiba iliyotangazwa na madaktari wa Bordeaux mwaka 2008. Vidonge vyake ni rahisi kuliko dawa ya maji ya watoto, ila lazima mfamasia avigeuze kwa kipimo sahihi, na mtoto anyonye kwanza, maana hushusha sukari. Tiba huchukua miezi 6 au zaidi, pamoja na nauli za kliniki.

Yenye faida kubwa hayana bei: kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 kama mtoto yuko salama, na damu ya vipimo ichukuliwe kidogo. Matone ya madini chuma, miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku kuanzia wiki ya 2, ni nafuu. Hata damu yenyewe haina haja ya haraka kila mara: utafiti wa TOP wa 2020, wenye watoto 1,824 wa gramu 1,000 kushuka chini, haukuona faida ya kuongeza damu mapema. Kwa hiyo muulize daktari hemoglobini imefika ngapi, na wodi yao huongeza damu ikifika ngapi.