Je, Ndege Huyu Ni Mwizi wa Bwawa Lako?

Umechimba bwawa la samaki bondeni. Asubuhi unaona ndege mdogo wa buluu amekaa kwenye tete juu ya maji. Ni mdiria. Watoto wanakimbilia manati. Wazuie kwanza. Umemtambua vizuri?

Mdiria wa majini ana urefu wa sentimita 13 hivi. Mgongo ni wa buluu, tumbo ni la rangi ya kutu, koo ni jeupe. Miguu ni myekundu, na mdomo pia ni mwekundu. Ukimwona mwenye mdomo mweusi, huyo ni kinda.

Yuko ndugu yake anayefanana naye sana. Huyo huishi vichakani na kwenye nyasi, na hula hasa wadudu. Wengi hudhani ni ndege yuleyule. Tazama juu ya jicho. Mdiria wa majini ana kishungi cha buluu chenye vistari vyeusi, nacho hushuka mpaka kwenye jicho. Yule wa nyasi ana mstari wa rangi ya chungwa kati ya jicho na buluu ya kichwani. Ukiona mstari huo, huyo hakuibii samaki.

Lakini ndege hawa huruka upesi mno. Ndiyo maana picha inafaa, hata ya simu. Usimfuate, atakimbia. Chomeka kijiti ukingoni mwa bwawa, kisha jifiche kwenye matete karibu nacho, jua likiwa mgongoni mwako. Kivulini buluu yake huonekana kama nyeusi. Kaa kimya. Mdiria hupenda kurudi kwenye kijiti kilekile. Akishika kitu hukipigapiga kwenye kijiti kabla ya kumeza. Hapo ndipo upige picha, kisha uikuze uone alichoshika mdomoni.

Mara nyingine utaona kifaranga cha samaki. Ni kweli, anakula. Mara nyingine utaona mdudu wa majini, kama mtoto wa kerengende. Huyo mdudu naye hula vifaranga vyako!

Usipige picha kwenye tundu lake. Mdiria huchimba kiota katika kingo za udongo, kama zile za vijito vya hapa Songea, unakoanzia Mto Ruvuma katika milima ya Matogoro. Ukikaa mlangoni, mama na baba hawataingia, na makinda watashinda na njaa.